Wanachama 397 wenye namba moja ya simu: 2147483647 ni nini hasa?

"Habari mwalimu. Natunza kumbukumbu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanachama 412. Wiki iliyopita tulihamisha orodha toka Excel kwenda MySQL (programu ya kutunza majedwali ya data), kijana aliyetutengenezea mfumo akaweka kolamu ya simu kuwa INT(12) kwasababu namba zetu zinaanza na 255 na zina tarakimu 12. Leo nafungua nakuta watu 397 wana namba ile ile moja, 2147483647, na 15 waliobaki wana namba fupi za tarakimu 9. Nimeitafuta mtandaoni naambiwa ni namba tasa kubwa na maarufu. Mwenzetu mmoja anayejua kompyuta anasema namba tasa ndo wanazotumia wahalifu kufunga data za watu, kwahiyo tumedukuliwa, ila yeye ana fomula ya kuzifungua, anataka laki tatu. Je ni kweli? Hii namba ina nini? Na inawezekana kuzirudisha namba zetu kwa hesabu?"

Pole sana ndugu yangu, najua hiyo hali ya kufungua jedwali asubuhi ukakuta wanachama wote wamekuwa mtu mmoja. Jibu fupi kwanza ili upumue: hamjadukuliwa, hiyo laki tatu ibaki kwenye mfuko wa kikundi, namba haziwezi kurudi kwa fomula yoyote ile, lakini kuna uwezekano mkubwa zikarudi zote kwa njia ya kawaida kabisa maana mlianza na faili la Excel. Usifute kitu, usibadilishe kitu, soma kwanza.

Hofu yako nimeielewa hivi. Umeona namba ya ajabu, ukaambiwa ni tasa, ukaambiwa tasa ni silaha ya wadukuzi, na vitu vitatu vya kweli vikaunganishwa vikatoa uongo mmoja. Maana ni kweli 2147483647 ni tasa, yaani hakuna namba inayoigawanya bila kubakiza zaidi ya 1 na yenyewe. Ni kweli pia kwamba namba tasa zinatumika kufunga siri, hata benki yako inazitumia sasa hivi unapoingia kwenye akaunti. Ila kwa kazi hiyo zinatakiwa namba tasa zenye tarakimu mamia. Ufunguo wa kawaida wa RSA, mfumo mmoja maarufu wa kufunga siri, wa biti 2048 unajengwa kwa namba tasa mbili, na kila moja ina tarakimu mia tatu na kitu. Yenu ina tarakimu kumi. Huwezi kufungia hata daftari la madeni kwa namba ya tarakimu kumi.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi ambalo huyo mwenzenu angejiuliza kabla ya kutaja bei. Kitu kilichofungwa kwa siri lazima kiweze kufunguliwa, ndo maana ya kufunga, kwahiyo namba 397 tofauti zikifungwa zinatoka 397 tofauti, zimevurugika lakini kila moja na sura yake. Zenu zimetoka sawa. Watu 397 waliopewa jina moja hata mwenye ufunguo hawezi kuwatofautisha. Simuiti mwizi, huenda naye kasoma nusu tu akaamini, lakini fomula anayoizungumzia haipo na haiwezi kuwepo, nitarudi hapo chini nikuoneshe kwanini.

Sasa hiyo namba ni nini. Ni dari. Kompyuta ikiambiwa INT, yaani kolamu ya namba kamili, kwenye MySQL inatenga nafasi ya biti 32, yaani swichi 32 za kuwasha na kuzima. Moja inatumika kuweka alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Fikiria una mawe ya mizani ya ajabu, la kwanza lina uzito wa 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila moja ni mara mbili ya lililotangulia. Ukiwa na matatu, ukiyaweka yote kwenye mizani unapata 1+2+4 ambayo ni 7. Ukiwa na manne unapata 15. Ukiwa na kumi unapata 1023. Umeona mchezo wake, jumla ya mawe yote siku zote inapungukiwa na moja tu kufikia jiwe linalofuata. Mawe 31 ukiyapakia yote unapata 2 kwa kipeo cha 31 utoe 1, ambayo ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hapo swichi zote zimewaka, hakuna jiwe lingine la kuongeza.

Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa kwa 255 ni bilioni mia mbili hamsini na tano na ushee. Ni kama mara 119 ya dari hiyo. Haiingii. MySQL ikipewa kitu kisichoingia ina tabia mbili, ikiwa kwenye hali kali inakataa na kukwambia wazi kwamba thamani imepita kiwango, na ikiwa kwenye hali legevu inaweka ile kubwa kuliko zote inayoweza, inakutolea onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma, inaendelea na mstari unaofuata. Toka toleo la 5.7 la mwaka 2015 hali kali ndo inayokuja yenyewe, kwahiyo kwenu ama seva ni ya zamani, ama mtu kaizima ili "isisumbue", ama kijana katumia amri za INSERT IGNORE au LOAD DATA LOCAL ambazo zinameza makosa kimya kimya.

Na ile 12 kwenye mabano, kijana wa watu msimlaumu sana maana hilo kosa nimeliona kwa watu wenye digrii zao. INT(12) haimaanishi tarakimu 12. Hiyo ni upana wa kuonesha tu, yaani ikijazwa sifuri mbele zijazwe mpaka wapi, haiongezi hata biti moja ya nafasi. INT(1) na INT(50) zinabeba kitu kile kile. Mimi mwenyewe nilishaingia humo, nilikuwa natengenezea shule moja mfumo wa ada, nikaweka INT(15) kwa kiburi kabisa, ujumbe wa kuwakumbusha wazazi ukatumwa na hakuna mzazi hata mmoja aliyeupata. Nilichoshtukia ni bili ya SMS kuwa ndogo kuliko nilivyozoea. Nilidhani nimepata punguzo.

Ushahidi wangu kwamba kwenu ni hili na sio udukuzi ni wale 15. Nakuhakikishia ukiangalia kwenye Excel utakuta hao waliandikwa kwa mtindo wa 07 au 06, sio 255. Namba inayoanza 07 ikigeuzwa kuwa hesabu inapoteza sifuri ya mbele, inabaki milioni mia saba na kitu, na hiyo iko chini ya dari kwahiyo ikaingia salama ikiwa na tarakimu 9. Hakuna mdukuzi duniani atakayewasamehe watu 15 kwasababu waliandika namba zao bila ile 255 ya nchi.

Sasa tuje kwenye utasa, maana umeuliza namba ina nini, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Dari la kompyuta halikuchaguliwa kwa kuwa tasa. Limekuwa tasa kwa bahati ya 31. Dari la INT isiyo na hasi ni 4294967295, sio tasa, ni 3×5×17×257×65537. Dari la BIGINT, kolamu ya namba yenye biti 64, ni 9223372036854775807, ina tarakimu 19, nayo sio tasa, inagawanyika hata kwa 7 na kwa 127. Dari la biti 16 ni 32767, ambayo ni 7×31×151. Kwahiyo kati ya madari haya manne hili la bilioni mbili ndilo lililotokea kuwa tasa, na kosa lenu lingetokea vile vile hata kama lisingekuwa.

Kwanini 31 ina bahati? Namba zote za aina hii, 2 kwa kipeo fulani utoe 1, ukiziandika kwa lugha ya kompyuta ni safu ya moja tupu. 7 ni 111, 15 ni 1111, 63 ni 111111. Chukua hiyo 63 yenye moja sita. Unaweza kuzipanga mbili mbili, 11 11 11, na 11 ya kompyuta ni 3, basi 63 inagawanyika kwa 3. Unaweza kuzipanga tatu tatu, 111 111, na 111 ni 7, basi 63 inagawanyika kwa 7. Ni kama wanafunzi paredi, wakiweza kujipanga kwenye vikundi sawa basi namba inavunjika. Moja 32 zinapangika mbili mbili, ndo maana 4294967295 inagawanyika kwa 3. Moja 63 zinapangika saba saba, ndo maana BIGINT inagawanyika kwa 127. Lakini moja 31 hazipangiki kwa namna yoyote, maana 31 yenyewe ni tasa, ukiwaweka wawili wawili anabaki mmoja, watatu watatu anabaki mmoja, watano watano anabaki yule yule mmoja.

Ila angalia usije ukakimbilia kusema basi kila kipeo tasa kinatoa namba tasa, watu wengi wakubwa walijikwaa hapo. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 utoe 1 ni 2047, na hiyo ni 23×89. 29 ni tasa, nayo inatoa 536870911 ambayo ni 233×1103×2089. Kutopangika paredi kunakuondolea sababu moja ya kuvunjika, hakukuhakikishii kwamba hakuna sababu nyingine. Mtaliano Pietro Cataldi alisema mwaka 1603 kwamba 31 inatoa tasa, akapatia, lakini kwa pumzi ile ile alisema hivyo pia kuhusu 23, 29 na 37 na zote tatu akakosea. Padri wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimechukua jina lake, naye alitoa orodha mwaka 1644 ikiwa na 31 ndani na makosa ndani pia, alitaja 67 na 257 ambazo sio na akaziruka 61, 89 na 107.

Aliyemaliza ubishi wa 31 ni mwanahisabati Leonhard Euler, akaandika kwenye barua kwa mwenzake Bernoulli mwaka 1772. Wakati huo yuko St. Petersburg na macho yake yamekwisha karibu kabisa, hesabu nyingi anazifanya kichwani. Na angalia alivyoikwepa kazi, maana hapa ndo unaona tofauti ya mtu mwenye nguvu na mtu mwenye akili. Kupima kama namba ni tasa unatafuta kigawo mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, huna haja ya kwenda mbele ya hapo, kwasababu vigawo vinakuja viwili viwili na mdogo wao hawezi kuzidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na kidogo. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, kila moja unagawanya kwa mkono, utazeeka. Lakini mwanahisabati wa kabla yake, Pierre de Fermat, alikuwa ameshaonesha kitu ambacho kwa namba yetu kinamaanisha kwamba kigawo chochote tasa lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 62, na ipo sharti ya pili, kwamba ukikigawanya kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti mawili, kigawo lazima kiwe cha sura ya 248 mara kitu jumlisha 1, au 248 mara kitu jumlisha 63. Zihesabu ziko ngapi mpaka 46340 ukianza na 249 na 311, utapata 372 tu. Na hata humo ndani nyingi sio tasa, unazitupa. Hakuna hata moja iliyogawanya. Ikabaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kuna Mwingereza Peter Barlow, mwaka 1811, aliandika kuhusu namba timilifu inayozaliwa na hii yetu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake ukiondoa yenyewe vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1+2+3, au 28 ambayo ni 1+2+4+7+14. Kila namba tasa ya Mersenne inazaa moja, na ya kwetu inazaa 2305843008139952128, ni ya nane katika orodha. Barlow akasema hiyo ndo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwasababu hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Leo zinajulikana zaidi ya hamsini. Ukiniuliza mimi, kosa lake lilikuwa kudhani watu wanatafuta namba kwa ajili ya faida.

Na 31 yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 5 utoe 1, na 5 inatoka wapi usiniulize, lakini unaona ngazi, 5 inatoa 31 ambayo ni tasa, 31 inatoa 2147483647 ambayo ni tasa, mtu anatamani kusema basi 2 kwa kipeo cha 2147483647 utoe 1 nayo itakuwa tasa. Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na bahati mbaya ngazi inavunjikia hapo hapo, inagawanyika kwa 295257526626031. Kigawo chenyewe kilipatikana kwa ujanja ule ule wa Euler, ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2147483647 bila kubakiza, jaribu kwenye kikokotoo.

Kama unataka mahali ambapo utasa wa namba hii unafanya kazi ya kweli ndani ya kompyuta, ni kwenye kutengeneza namba za kubahatisha. Kuna njia ya zamani, unachukua namba, unazidisha kwa 16807 ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, unagawanya kwa 2147483647, unabaki na baki, hilo baki ndo namba yako mpya, unarudia. Kwasababu kigawanyaji ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, mnyororo unapita kwenye kila namba kuanzia 1 mpaka 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ulipoanzia. Ni njia nzuri kwa mchezo wa ludo kwenye simu, ila kwa droo ya kumchagua mwanachama wa kupokea fedha usiitumie, anayejua namba moja anajua zote zinazofuata.

Haya, turudi kwenye simu zenu, kuhusu fomula. Kompyuta ikizidiwa kuna namna mbili za kuharibu. Ya kwanza ni kuzunguka kama mita ya gari, ikifika mwisho inaanza upya toka chini. Ingekuwa hivyo, tungeweza kuzirudisha kweli. Chukua namba ya mfano 255700000000. Ikizungushwa kwenye biti 32 inatokea −1998037760, mbaya kuitazama, lakini ukijumlisha 4294967296 mara 60, yaani 257698037760, unaipata 255700000000 yako kamili. Na kwasababu namba zote zinazoanza 255 zimebanana ndani ya bilioni moja tu, wakati mzunguko mmoja ni bilioni nne na zaidi, haziwezi kugongana, kila moja ingerudi kwa mwenyewe. Labda huyo mwenzenu aliwahi kusikia hili. Lakini MySQL haikuzungusha, ilikata. Kila kilichozidi dari kilipigwa kikawa dari, na ukishakata hivyo tofauti kati ya mwanachama na mwanachama haipo tena popote ndani ya kolamu ile. Watu 397 wamepita mlango mmoja bila kuacha nyayo. Hakuna hesabu, si yangu si ya Euler, itakayojua nani alikuwa nani.

Kwahiyo mnarudi nyuma ya mlango. Faili la Excel mlilohamishia liko wapi? Litafute kwenye kompyuta zote na kwenye barua pepe, ukilipata linakilishe kwenye flashi kabla hujalifungua. Ukilifungua unaweza ukaona 2.557E+11 kwenye kolamu ya simu, usitishike, Excel inatunza tarakimu 15 kwahiyo zako 12 zimo ndani, panua kolamu na ibadilishe iwe namba isiyo na desimali zitatokea. Kinachotisha ni pale mtu alipolihifadhi kuwa CSV, yaani faili la maandishi matupu, wakati zimeonekana hivyo, maana CSV inaandika kile kinachoonekana, basi hapo mmepoteza kwa mara ya pili. Kama Excel haipo kuna fomu za kujiunga za karatasi, kuna taarifa za miamala ya simu za michango, kuna simu ya mhazini, kuna grupu la WhatsApp la kikundi. Kwa watu 412 ni kazi ya siku mbili tatu za watu wawili wenye subira, na chai.

Kuhusu kolamu mpya, mimi naweka VARCHAR(15), yaani kolamu ya maandishi yasiyozidi herufi 15. Kimataifa namba ya simu haizidi tarakimu 15, na ukweli ni kwamba namba ya simu sio namba, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Huijumlishi, hutafuti wastani wake, na sifuri ya mbele ina maana. Watakaokwambia weka BIGINT hawajakosea kabisa, itaingia na itachukua nafasi ndogo, na kama mfumo wenu utaandika 255 kila mara bila mtu kuleta 07 wala alama ya kujumlisha itafanya kazi miaka yote. Ila sijawahi kuona kikundi ambacho hakuna mtu analeta 07. Watakaokwambia weka UNSIGNED, yaani ile INT isiyo na hasi, hao achana nao, dari linapanda mpaka bilioni nne tu, simu zenu ziko bilioni 255.

Ukiwa humo ndani angalia kitu kimoja kingine, kolamu za tarehe. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, na kwa biti 32 sekunde zinafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, siku ya Jumanne. Aina ya TIMESTAMP ya MySQL inaishia hapo hapo. Mkopo wa mwezi hauna shida, lakini kama mnakopesha kwa ajili ya kiwanja kwa miaka 15, tarehe ya mwisho imeshapita dari leo hii. Tumieni DATE au DATETIME. Hata YouTube waliligonga dari hili mwaka 2014 kwenye video ya PSY yule Mkorea, ikabidi wapanue kihesabio, kwahiyo msione aibu.

Kuna hali ambazo ningekuomba usifanye mwenyewe. Kama jedwali hili ndo linalotumika kutuma fedha kwa wanachama, simamisha malipo leo na mwite mtu anayesimamia databesi akae nawe ana kwa ana. Kama Excel haipo na karatasi hazipo, huyo mtu anaweza kuangalia kumbukumbu za seva, maana kama seva ilikuwa inarekodi amri zenyewe jinsi zilivyoandikwa namba kamili zimo humo, na kumbukumbu hizo zinaweza kufutwa zenyewe baada ya muda kwahiyo usingoje. Usimtumie mtu usiyemjua jedwali zima akusaidie, hizo ni taarifa binafsi za watu na Tanzania ina sheria yake toka 2022. Na kabla hujarudisha hata mwanachama mmoja, ingiza mstari wa majaribio wenye 255700000000, uusome tena. Ukikuta 2147483647, kolamu bado haijabadilika, acha hapo hapo.